Plagini Yangu Iliwaita Wake za Madereva kwenye Msiba Usiokuwepo

Fundi Osea wa ukurasa wa kompyuta,

Nisaidie kabla sijaibamiza hii laptopu ukutani. Swali langu ni la kiufundi, nalitanguliza ili usinichanganye na wale wanaoandikia kurasa za mapenzi. Ninatumia edita ya kuandikia kodi, namaanisha maandishi ya programu, si kodi ya nyumba, na ndani ya hiyo edita niliweka plagini, kile kiprogramu kidogo cha kuongezea, ambacho kazi yake ni kunyoosha kodi: ukisevu faili inapanga mistari, inasawazisha nafasi za mwanzoni, inafuta zilizozidi, faili linabaki safi kama shati lililotoka kupigwa pasi. Plagini hii imebadilisha maana ya programu yangu bila kuniambia neno, na ninataka kujua nitaizuiaje isirudie. Hilo ndilo swali. Lakini najua utauliza ilikuwaje, kwa hiyo naeleza.

Naitwa Ikram, nina miaka ishirini na saba, ninafanya kazi hapa Tunduma kwa mjomba wangu Salum mwenye malori yanayokwenda Ndola, Kitwe mpaka Lubumbashi. Nilisoma kompyuta Mbeya, na mjomba alipotaka kunipa kazi shangazi zangu wote walikuja juu, wakasema mtoto wa kike anafuata nini yadini kwa madereva, ataharibika yeye na kazi itaharibika, na mjomba akawajibu kwamba yeye anaajiri kichwa, haajiri kanzu wala gauni. Kwa hiyo unaelewa, fundi, kwamba mimi sikuruhusiwa kukosea hata siku moja. Akaniajiri pamoja na kijana niliyesoma naye, Lusubilo, kwao Mbozi Mission, baba yake mzee Barnaba ni mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Tukaandika programu wawili. Kila asubuhi saa mbili inapitia orodha ya magari yote moja baada ya lingine, na gari lililofika salama, mke wa dereva au mama yake anapata meseji kwamba mtu wao amefika. Gari likipata dharura, kwa familia ya gari hilo peke yake, inatuma maneno aliyoyatunga mjomba mwenyewe: "Ofisi inaomba ufike yadi haraka kuhusu dereva wako. Njoo na ndugu." Kila mwanamke wa dereva hapa mpakani anajua maana ya njoo na ndugu.

Sasa Lusubilo ni mtu mchafu kwenye kodi, sitafichaficha. Kichwa chake ni kizuri lakini anaandika kama anayekimbizwa. Mimi nasogeza mistari kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, yeye mara nafasi, mara kitufe cha Tab, anachanganya, na ule mstari wa kutuma meseji ya dharura aliusogeza kwa Tab. Kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini anayotumia yeye, Tab moja inaonekana pana kama nafasi nane, mstari unakaa sawasawa na wenzake chini ya sharti la "kama kuna dharura". Kwenye laptopu yangu Tab inaonekana kama nafasi nne, kwa hiyo mstari unaonekana umetoka nje kama jino bovu. Nilishamwambia mara ngapi. Ananijibu, "Ikram, inafanya kazi, iache." Nikachoka. Jumanne moja mwezi wa tano yeye akiwa amekwenda posta nikapakua hiyo plagini, nikaiweka, nikafungua faili lake, nikasevu. Faili likanyooka. Fundi, nilifurahi, nakwambia kweli, niliona kama nimefagia chumba cha mtu mvivu. Sikumwambia. Jioni nikalihamishia kwenye kompyuta inayotuma meseji.

Kesho yake saa mbili asubuhi meseji ya dharura ilikwenda kwa familia sitini na tatu.

Saa mbili na nusu geti lilikuwa linagongwa kama linavunjwa. Wanawake waliingia wakilia, wengine pekupeku, wengine na watoto mgongoni, na ndugu zao nyuma kama walivyoambiwa. Hakuna aliyejua la kuwajibu maana hakukuwa na ajali yoyote, na madereva walioko ng'ambo walikuwa na laini za Zambia, ukipiga za huku hazipatikani, jambo lililowathibitishia kwamba wamekufa. Mwanamvita, mke wa Othmani aliyekuwa na mzigo Kitwe, alimshika mlinzi shati akimwambia, "Niambie tu amekufa au hajafa, mengine nitayamaliza mwenyewe," kisha akaanguka pale pale kwenye ngazi ya ofisi akapasuka kipaji cha uso, akashonwa nyuzi nne. Mama Tupokigwe alitoka Msangano na kaka zake wawili kwa pikipiki, na huko nyuma majirani walishatoa vyombo vya nyumba nje na kukoka moto wa msiba wa mwanawe, ambaye muda huo alikuwa Ndola anakunywa chai.

Mjomba akatoka nje. Sijawahi kumwona na uso ule. Akauliza mbele ya watu wote, "Nani ameandika sehemu ya kutuma hii meseji ya dharura?"

Na mimi nikasema, "Sehemu hiyo aliandika Lusubilo."

Fundi, ni kweli aliandika yeye. Sikusema uongo. Wakati huo sikujua kwamba ni plagini, naapa, nilijua tu kwamba jana nilikuwa nimeligusa lile faili. Wanawake wakamgeukia. Walimpiga kwa viatu, shati likachanika, mama Tupokigwe na umri wake alimpiga kiatu cha uso, na yeye hakuinua hata mkono, alikuwa ananiangalia mimi tu. Akasema, "Ikram, fungua faili la jana, tuliangalie na la leo."

Nikamwambia, "Hakuna cha kufungua."

Mjomba akamwambia, "Toka. Nisikuone tena hapa." Lusubilo akaondoka na shati lake mkononi.

Jumapili mchana nikiwa peke yangu ofisini nikalifungua lile faili. Nilikuwa na nakala ya zamani. Nikaziweka mbili sambamba, nikaona. Lugha tunayotumia ni Python, ile inayosoma nafasi za mwanzoni mwa mstari kujua mstari upo chini ya sharti gani, na kwa toleo letu Tab inahesabiwa nane. Plagini yangu ilikuwa imewekwa ihesabu nne. Kwa hiyo ilipoondoa Tab ikaweka nafasi nne, mstari wa kutuma ukatoka chini ya "kama kuna dharura" ukawa wa kila gari. Dharura au hakuna dharura, tuma. Na ulikuwa umenyooka vizuri kabisa, fundi, ungeuangalia usingeona kitu.

Nikaurudisha ndani. Sikumwambia mtu. Mjomba akanifanya mkuu wa mitambo, shangazi wale wale wakaja kunipongeza kwamba nilijua kumtambua mharibifu mapema.

Kinachonitia hasira ni hivi. Kwanza, kama Lusubilo angeandika kodi kwa usafi plagini isingekuwa na cha kuharibu, kwa hiyo kosa lilianzia kwake, sivyo? Pili, aliyeitengeneza hiyo plagini kwa nini hakuweka onyo? Tatu, mji huu hauna huruma. Sokoni Lusubilo wanamwita Mpiga Msiba. Alikuwa anafundisha kompyuta watu wazima kule Mbozi Mission, wameacha kwenda, na nimesikia baba yake alimsimamisha kanisani aombe msamaha mbele ya washarika. Na nne, hii ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, wiki iliyopita amenitumia meseji. Nilidhani atanitukana, nilishajiandaa kumtukana pia. Ameandika: "Ikram habari. Ulipata kosa langu lilikuwa wapi? Nimelitafuta kichwani wiki tano sipati. Niambie tu nisije nikalirudia mahali pengine." Nilitupa simu kitandani nikalia kwa hasira. Kwa nini hanilaumu? Anataka nini kwangu?

Nikisema, mjomba ataaibika kwa ajili yangu, shangazi watasema ndiyo hayo tuliyoyasema, na hakuna msichana mwingine atakayeajiriwa yadi yoyote ya Tunduma. Nisiposema, nashindwa kufungua hata edita. Tafadhali nielekeze namna ya kuizima hiyo plagini.

Ikram, Tunduma.

*

Ikram,

Nitaanza na plagini kwa sababu umeng'ang'ania kwamba ndiyo iliyokuleta kwangu.

Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta panaposema inyooshe kila unaposevu, paondoe. Chombo kinachobadilisha kazi yako kisifanye hivyo bila wewe kukiamuru. Halafu edita yako ina sehemu ya kuonyesha alama zisizoonekana. Iwashe. Utaona nafasi zimekuwa vinukta na Tab zimekuwa vistari, na hapo ule uchafu unaoulalamikia utauona kwa macho badala ya kuukisia. Faili la zamani lenye mchanganyiko lihamishe lote mara moja kwa kuhesabu nane, maana ndivyo lugha yako inavyohesabu, si nne kwa sababu nne inakupendeza. Weka nakala ya kabla na ya baada, uzilinganishe mstari kwa mstari kabla ya kupeleka popote. Na programu inayotuma meseji kwa watu ijaribiwe kwanza kwa namba moja, namba yako wewe, na iulize: unatuma kwa watu sitini na watatu, una hakika? Mngekuwa na swali hilo moja, Mwanamvita asingeshonwa.

Ufundi umeishia hapo. Ni robo saa ya kazi. Wewe ulishaujua wote, maana kosa umelipata mwenyewe na umenieleza vizuri kuliko vijana wengi wanaoniandikia. Hukuhitaji fundi. Ulitafuta mtu mzima akwambie kwamba mkosaji ni plagini, ukalale.

Sikwambii hivyo. Umenikasirisha, binti, na nitakwambia ni wapi.

Si pale ulipoweka plagini. Hilo ni kosa la kazi, nami nimefanya mabaya zaidi, niliwahi kufuta orodha ya wanafunzi wa shule nzima kwa kujifanya nasafisha. Wala si pale uliposema "aliandika Lusubilo." Ulikuwa umeogopa, watu wanalia, mjomba amekutolea macho, ulimi ulikimbilia pa kujificha. Ningeweza kukusamehe mpaka hapo.

Ni pale aliposema fungueni faili la jana. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza kabisa ya kutafuta kosa, mimi huifundisha siku ya kwanza. Mtu anapigwa viatu, shati limechanika, bado anakumbuka ufundi. Wewe uliyesimama salama, hakuna aliyekugusa, ukaukataa. Ukasema hakuna cha kufungua, na ulijua kipo. Tena unaniambia hukusema uongo! Huo ulikuwa uongo, Ikram, na wa Jumapili mchana ulikuwa mkubwa kuliko huo, maana siku hiyo hukuwa na hofu ya mtu yeyote. Ulirekebisha mstari ukamwacha mtu nje.

Usiniletee habari ya Tab zake. Mstari wake ulikuwa unafanya kazi sawasawa mpaka ulipougusa. Kama uliona ni mchafu, ungemwita mkakaa mkausafisha pamoja. Hukufanya hivyo kwa sababu ulitaka kushinda, si kusafisha.

Umeuliza kwa nini hakulaumu. Hakulaumu kwa sababu anakuamini. Wiki tano anajitafuta kosa ambalo hana, na mtu pekee duniani anayeweza kumwambia aache kulitafuta ni wewe. Hicho ndicho anachokitaka kwako. Hakuna kingine.

Kuhusu shangazi zako nakuelewa, na sikudharau. Najua kuna watu wanaosubiri msichana ateleze ili wafunge mlango kwa wote wanaofuata, na ni dhuluma inayonichukiza. Lakini mzigo huo si Lusubilo aliyeutengeneza, na wewe umembebesha yeye. Na msichana atakayekuja baada yako kwenye yadi hiyo atakuta nini? Atakuta mahali ambapo mtu hujilinda kwa kumsukuma mwenzake. Afadhali akute mwanamke aliyekosea akasema nimekosea.

Sasa sikiliza. Ukurasa huu utatoka Jumamosi. Majina nimeyabadilisha, lakini Tunduma nzima inajua ni yadi gani ilijaa wanawake asubuhi ile, na Lusubilo akisoma habari za Tab na nafasi nane atajielewa kabla hajafika katikati. Jibu hili nakutumia leo Jumatatu kwa barua pepe, wewe peke yako. Usinipigie kuniomba niizuie barua. Uliiandikia gazeti na gazeti ni la watu. Kesho panda gari uende Mbozi Mission. Usitume meseji. Chukua laptopu yenye mafaili yote mawili, umfungulie aone kwa macho yake. Mwambie na baba yake. Ukirudi, umwambie mjomba wako, na umwombe awaite wanawake wale wale, uwaambie mahali pale pale. Cheo ulichopewa kikabidhi kabla hujanyang'anywa. Usimwombe Lusubilo msamaha halafu ukakaa kusubiri jibu. Omba, kisha nyamaza, ni wake kutoa au kutotoa.

Nenda, Ikram. Gari la asubuhi.

Fundi Osea

*

Alhamisi, kabla ya ukurasa huu kwenda mtamboni, tulipokea maneno haya kutoka kwa mwandishi wa barua. Ameruhusu yachapwe.

Fundi, nilikuchukia Jumatatu yote.

Jumanne nilikwenda. Nilimkuta Lusubilo na baba yake wanageuza kahawa kwenye vichanja. Nikamwambia mzee shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nikaweka laptopu juu ya gunia, nikafungua mafaili mawili, nikasema, "Kosa lako halipo. Nililifanya mimi." Lusubilo aliinama akasoma, akahesabu nafasi kwa kidole kwenye kioo, moja mpaka nne, kisha kwenye lile la zamani. Akasema, "Kwa hiyo mstari wangu ulikuwa sawa." Nikasema ndiyo. Akarudia, "Ulikuwa sawa." Akakaa chini kwenye vumbi akajifunika uso.

Mzee Barnaba ndiye aliyekasirika. Aliniambia, "Nilimsimamisha mwanangu kanisani aombe radhi kwa kosa la mtu mwingine. Wewe umemaliza lako kwa kuja hapa. Mimi la kwangu nakwenda kulimaliza wapi?" Nikafunga laptopu. Lusubilo alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia hatarudi yadini hata akibembelezwa, na kwamba kunisamehe bado hajui. Nikanyamaza kama ulivyosema.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Funguo za chumba cha mitambo ziweke mezani." Nikaziweka. Hakunifukuza, amenirudisha kwenye dawati la kawaida, na jana amewaita wanawake. Walikuja kama arobaini. Nilisimama kwenye ngazi nikasema yote, na la kukataa kufungua faili nikalisema. Walinizomea. Mwanamvita, kovu bado jekundu, akasogea akaniuliza, "Sasa wewe tukufanye nini?" Nikamwambia sijui. Akanitemea mate miguuni akatoka.

Mama Tupokigwe hakuzomea. Alingoja mpaka watu wakapungua, akanifuata, akasema, "Yule kijana nilimpiga usoni. Kwao ni wapi?" Nikamwelekeza Mbozi Mission, nikamwambia, bibi, ngoja kesho, nitakupeleka mwenyewe. Akafunga kanga yake kiunoni.

"Wewe umeshakwenda," akasema. "Hii safari ni yangu."